Kabla ya kupulizia muhogo dawa, ujue utitiri wako



Juzi hapa Chidya mama mmoja aliniletea ncha ya muhogo. Majani yamedumaa, yana vidoa vya njano. Tukatazama kwa lenzi: utitiri. Akauliza, "Bwana shamba, nipulize dawa gani?" Nikamwambia, mama, kwanza sikia historia yake.

Utitiri wa kijani si wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kama muhogo wenyewe. Mtaalamu Gregorio Bondar aliueleza na kuupa jina huko Brazil mwaka 1938. Afrika ulionekana kwanza Uganda mwaka 1971, kisha ukasambaa nchi kwa nchi kwa upepo na kwa mbegu za muhogo tunazopeana. Huku ulikuta chakula kingi, adui zake wamebaki kwao.

Wataalamu wa taasisi ya IITA wakaamua kuwafuata adui hao. Miaka ya 1980 waliachia mamilioni ya utitiri mla-utitiri kutoka Colombia. Haukudumu. Wakageukia Brazil, kwenye maeneo makavu yanayofanana zaidi na ya kwetu.

Hapo ndipo kazi ya kutambua aina ilipoonekana thamani yake. Utitiri mmoja mla-utitiri ulidhaniwa ni aina ya zamani, limonicus. Ulipochunguzwa vizuri kwa hadubini, ikaonekana ni aina nyingine kabisa. Mwaka 1994 ikapewa jina lake, manihoti. Mwenzake, aripo, uliachiwa Benin mwaka 1993 ukaenea nchi nyingi. Mchana hujificha kwenye ncha ya muhogo, usiku hushuka kula utitiri wa kijani kwenye majani. Huko Afrika Magharibi utitiri mharibifu ulipungua kwa karibu nusu, na mavuno yakapanda kwa karibu theluthi.

Sasa tazama: ukipulizia ncha ile dawa, unaweza kumuua mlinzi ukamwacha mwizi. Kwa hiyo:

- Fungua ncha, tazama kwa lenzi. Unaokimbia haraka, unang'aa, huenda ni mlinzi. Wa kijani hutembea polepole.
- Usipulizie muhogo dawa kabla ya kuniita.
- Chukua mbegu kwenye mashina yenye afya tu, na panda mvua za mwanzo, ili kiangazi kikute muhogo una nguvu.

Yule mama alirudi nyumbani bila dawa. Alienda na lenzi yangu.