Hamamu ya Kidichi na Kuni za Nani?

Kama hujawahi kufika Kidichi, nakuambia mapema: usitegemee makubwa. Hakuna hoteli ya ghorofa, hakuna muziki wa baa, hakuna papasi wa kukuganda kutoka uchochoro hadi uchochoro. Ni kijiji. Kuna migomba, minazi na mihogo, kuku wanavuka barabara bila wasiwasi, na ukifika wakati wa mavuno utaikuta karafuu imeanikwa kwenye majamvi nje ya nyumba, harufu yake inakufuata hadi nguoni. Na kuna hamamu.

Kutoka Mji Mkongwe, na zile kelele zetu za Forodhani, ni mwendo wa kilomita kumi na kitu tu. Gari inafuata pwani kuelekea kaskazini, inapita Maruhubi, inapita Mtoni, inafika Bububu. Hapo unaipa bahari mgongo na kupanda kilima kuelekea mashamba. Kati ya 1905 na 1928 njia hii ya mjini hadi Bububu ilikuwa na reli. Ndiyo, garimoshi, hapa hapa Unguja! Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Nilikwenda Kidichi siku ya mapumziko, nikajichanganya na kundi la wageni waliokuwa kwenye matembezi ya viungo. Tulionyeshwa mdalasini, kungumanga, iliki, vanila, pilipili manga. Tulipakwa mzingifuri midomoni. Tulivishwa kofia na tai za makuti, kijana mmoja akapanda mnazi huku akiimba. Mwisho tukapelekwa kwenye hamamu, na hapo tukasimuliwa hadithi ya mapenzi: Sultani alimpenda binti mfalme wa Kiajemi, akamjengea mahali pa kuoga ili asiikumbuke sana nchi yake. Kamera zikafanya kazi.

Kisha mama mmoja wa makamo akauliza swali dogo: nani alikuwa anachemsha maji?

Kijana aliyetutembeza akatabasamu. "Wafanyakazi wa Sultani," akajibu, tukaendelea na safari.

Jamani, neno hilo "wafanyakazi" limenikaa kichwani mpaka leo. Ndilo lililonifanya niandike haya.

Tuanze na hamamu yenyewe. Ilijengwa mwaka 1850 kwa amri ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, kwa ajili ya mke wake kutoka Uajemi, nchi tunayoiita Iran sasa. Mke huyo alikuwa mjukuu wa Fath Ali Shah, na jina lake tumelizoea kama Shehrzad. Jengo ni jeupe, lina kuba, na ndani kuta zimepambwa kwa lipu iliyochongwa maua na ndege, wakiwemo tausi. Picha za viumbe si jambo la kawaida kwenye majengo ya Waomani wa madhehebu ya Ibadhi, kwa hiyo ukiingia tu unaona kwamba hapa palifuatwa mila ya Kiajemi. Unyevu umezila kuta, lakini bado pazuri. Sipingi hilo.

Hadithi ya mapenzi nayo haikukaa muda mrefu. Mengi tunayoyajua kuhusu Shehrzad yametoka kwa Salme binti Said, binti wa Sultani aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akatoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kujulikana kama Emily Ruete. Kumbukumbu zake alizichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Anamwelezea mama yake wa kambo kama mwanamke aliyependa farasi na kuwinda, akifuatana na wapanda farasi wake wa Kiajemi, na ambaye mkono wake haukuwa mzito kutoa fedha. Mwishowe Sayyid Said alimwacha, akarudi kwao. Kwa hiyo ile "kumbukumbu ya mapenzi ya milele" ni nyumba ya kuogea ya ndoa iliyovunjika. Sayyid Said mwenyewe alifariki Oktoba 1856, akiwa baharini anarudi kutoka Oman.

Sasa turudi kwenye swali la yule mama. Hamamu haiwi hamamu bila maji ya moto. Maji ya moto hayapatikani bila kuni. Na Kidichi ya 1850 kuni hazikujileta zenyewe.

Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, miche yake ikitoka visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi. Mwarabu mmoja aitwaye Saleh bin Haramil ndiye anayetajwa kuwa wa mwanzo kuipanda, huko Mtoni na Kizimbani. Kizimbani ni jirani kabisa wa Kidichi. Sayyid Said akayanyang'anya mashamba yake na kuyafanya yake, kisha akahimiza mikarafuu ipandwe kila mahali. Katikati ya karne hiyo Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikiongoza duniani kwa karafuu.

Mkarafuu unataka watu. Lazima ufyekewe magugu kwa miaka kadhaa kabla haujaanza kuzaa. Ukizaa, vikonyo vinachumwa kwa mkono, haraka, kabla ua halijafunguka, kisha vinachambuliwa na kuanikwa. Kazi yote hiyo ilifanywa na watumwa. Walitoka bara: kutoka pande za Ziwa Nyasa, Kilwa na kwingineko, waliletwa kwa majahazi na kuuzwa mjini. Mji Mkongwe huu tunaoupiga picha, na milango yake ya nakshi, ulijengwa kwa biashara ya watumwa, pembe za ndovu na karafuu.

Kwa hiyo "wafanyakazi wa Sultani" walikuwa watu walionunuliwa. Hawakuwa na mshahara wala siku ya kusema nimechoka, narudi kwetu. Shehrzad aliporudi kwao, wao walibaki.

Na hapa ndipo shahidi wetu Salme anapotuangusha. Anatueleza nguo, farasi, vyakula na wivu wa majumba. Akifika kwenye utumwa anautetea, anasema wa kwetu haukuwa kama ule wa Marekani. Labda aliamini hivyo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na mashamba. Waliochanja kuni hawakuandika kitabu. Ndiyo maana tunajua binti mfalme alipenda kuwinda, na hatujui hata jina moja la aliyembebea maji.

Historia haikuishia 1850. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo kisiwa cha karafuu. Mwaka 1873 Sultan Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa. Lakini uhuru ule ulikuwa wa kuuomba: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuudai. Wengi walibaki kwenye mashamba yale yale. Walipewa mahali pa kujenga kibanda na kulima mihogo, kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Jina lilibadilika, jembe likabaki lile lile.

Halafu ikaja Januari 1964. Mapinduzi yalimwaga damu, na familia nyingi za Unguja zina upande wao wa kuomboleza. Serikali mpya ilitaifisha ardhi, na kuanzia 1965 ikagawa zile eka tatu tatu kwa familia zaidi ya 20,000. Sheria inasema ardhi ni ya serikali, aliyepewa ana haki ya kuitumia. Lakini kwa mtu ambaye babu yake alilima bila kumiliki hata shina moja, eka tatu si jambo dogo. Unapotembea mashamba ya huku leo na kuonjeshwa mdalasini, unatembea juu ya historia hiyo yote.

Najua wapo watakaosema: mambo ya zamani ya nini, unataka kuchochea ukabila? Hapana. Biashara ile haikuwa ya kabila moja. Walikuwemo Waarabu na Waswahili wenye mashamba, Wahindi waliokopesha mtaji, machifu wa bara waliouza watu, na Wazungu na Wamarekani walionunua mazao. Na wajukuu wa wote hao leo wanaoana, wanazikana, wanakula pilau moja. Ukimya haukuleta amani hiyo, na ukweli hautaivunja.

Tena simlaumu yule kijana. Anaishi kwa bakshishi, na wageni wengi wanalipia hadithi tamu. Lakini nilipomdadisi pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bibi yake huwa anasimulia mengine, ya watu waliokuja bila jamaa na kuzikwa bila jamaa, hapo hapo mashambani. Kwa nini asiwaambie wageni? "Hawaulizi," akasema. Lakini siku ile mmoja alikuwa ameuliza.

Sioni sababu ya kuivunja hamamu, wala kumsahau Shehrzad. Naomba sentensi mbili tu ziongezwe kwenye maelezo: kwamba mashamba haya yalilimwa na watumwa, na kwamba wao ndio waliochanja kuni na kuteka maji. Mtembezaji hahitaji dakika nzima kuyasema. Vijana tunaokwenda huko kila sikukuu kupiga picha, tuanze kuuliza sisi. Na mwenye bibi anayesimulia, amsikilize sasa, aandike, maana mabibi hawangoji.