Haki ya Mtunzi na Nembo ya Biashara: Je, ni Mali Kisheria?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina duka dogo Darajani. Natia kaswida na mawaidha kwenye flashi nauza, na natoa fotokopi za vitabu vya madrasa. Mwenzangu ananambia chumo hili si halali. Mimi naona nasambaza elimu. Nini hukumu?

JIBU: Waalaykumus salaam. Himdi zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wake. Ama baad.

Mas-ala haya hutayakuta na mlango wake katika vitabu vya zamani, kwani kitabu kilinakiliwa kwa mkono na mwenye kunakili alilipwa jasho lake. Mashine zilipokuja, wanavyuoni wakakhitilafiana. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani hakuiona haki ya mtunzi kuwa kitu cha kuuzwa. Mwanawe, Mufti Taqi Usmani, akenda upande wa pili. Asili ya khitilafu ni maana ya "mali". Mahanafi waliifunga kwenye vitu vinavyoshikika, ilhali kwetu Mashafii na kwa jumhuri manfaa nayo ni mali. Kwa hiyo anayefuata madhehebu ya pwani hii hana tabu kubwa kuielewa haki hii.

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha 5 Kuwait, Desemba 1988, ilipitisha azimio namba 43: jina la biashara, nembo, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali kwa urfu wa zama hizi, na haijuzu kuzivamia. Mwenyewe anaweza kuziuza, mradi pasiwe na gharari wala hadaa. Hii ndiyo kauli tunayoifuata, nayo inaingia katika katazo la kuliana mali kwa batili lililomo katika Suratun Nisaa, aya ya 29.

Ama hoja yako ya kusambaza elimu, ingekuwa na nguvu lau ungegawa bure kwa idhini. Wewe unauza. (Darsa zangu mwenyewe nimeziona zikiuzwa, nimesamehe, lakini msamaha wangu hauwafungi wengine.) Usimalize kazi za watu: futa zilizobaki, waendee wenyewe uwatake radhi au muafikiane malipo.

Vitabu vina tafsili. Matini ya Safinatun Najaa, ambayo mwandishi wake alifariki karne ya 19, haina mwenye kuizuia. Lakini tarjama au sharhi mpya ya mtu aliye hai ni yake. Mwanafunzi kutoa kurasa chache za kudurusu ni jambo jepesi. Kutoa kitabu kizima kwa ajili ya kuuza silo.

Nembo ni nzito zaidi, kwa sababu wanadhulumiwa wawili. Anayeiga lebo ya sabuni ya mwani ya mwenzake anamnyang'anya muuzaji jina lake na anamghushi mnunuzi, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi, kama ilivyo katika Sahihi Muslim.

Kwa wenye biashara, kumbukeni: hapa Zanzibar nembo husajiliwa BPRA, na Bara husajiliwa BRELA. Usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili. Wapo wanaoligundua hili siku mzigo wao unapofika Dar es Salaam na kukuta jina lao lina mwenyewe mwingine.

Wallahu aalam.