Liwali, Bula Matari na Leta: Wawakilishi wa Wafalme wa Mbali katika Mwambao wa Uvira

Katika maandishi juu ya historia ya Maziwa Makuu umo usemi uliorudiwa mno, nao ni kwamba zumari ikipigwa Unguja, walioko maziwani hucheza. Baadhi ya wanahistoria wameutumia kana kwamba ni hati ya kisheria ithibitishayo mipaka ya dola ya Zanzibar. Hata hivyo, anayechunguza mambo yaliyotendeka Uvira na katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika baada ya mwaka 1850 ataona kuwa usemi huo umetiwa chumvi. Zumari ilisikika, lakini kati ya mpigaji na mchezaji alikuwapo mtu wa tatu, na mara nyingi ndiye aliyeamua ngoma ichezwe namna gani, tena kwa faida ya nani. Makala haya yanamhusu mtu huyo wa tatu, yaani mwakilishi wa mfalme ambaye wenyeji wa mwambao hawakupata kumwona, na yanahusu pia majina aliyoitwa.

Uvira umekaa mahali pembamba, milima ya Mitumba upande mmoja na maji upande wa pili, na kaskazini yake linaanza bonde la mto Rusizi. Burton na Speke walipofika hapo kwa mitumbwi mwaka 1858, walikuta kwamba wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wameshafika, na kwamba Uvira ndio mwisho wa safari zao upande huo. Waliofuatwa huko walikuwa wauza pembe za ndovu na watumwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba wafanyabiashara hao hawakuja na gavana. Walikuja na vitambaa, shanga na bunduki, wakaomba ruhusa kwa watawala wa Bavira na majirani zao, wakatoa hongo, wakapewa mahali pa kupanga. Mfalme wao alikuwa Unguja, mwendo wa miezi mitatu au zaidi kwa msafara usiopata kizuizi, na vizuizi havikukosekana, kwani tangu mwaka 1871 Mirambo wa Unyamwezi alikuwa akiifunga na kuifungua njia ya Tabora apendavyo.

Mkubwa wa wafanyabiashara hao katika ziwa alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, aliyekuwa na makao yake Ujiji. Stanley na Livingstone walimkuta huko mwaka 1871, ndio mwaka ule ambao walipiga makasia hadi kaskazini na kuthibitisha kuwa Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Cameron naye alimkuta mwaka 1874. Alikuwa ameoa katika ukoo wa watawala wa Ujiji, akamiliki mashua, na biashara ya pembe ya Uvira ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwake na mwa washirika wake. Haya yote aliyapata bila ya kuwa na cheo chochote kutoka kwa Sultani.

Cheo kilikuja baadaye. Mwaka 1881 Mwinyi Kheri alikubali kuwa liwali wa Seyyid Barghash bin Said na kuipandisha Ujiji bendera nyekundu ya Zanzibar. Vitabu vingine hulieleza tukio hili kama kupanuka kwa dola, lakini ukiyapanga mambo kwa utaratibu wa miaka yake utaona kuwa lilikuwa karibu kinyume cha hilo. Sultani hakumtuma mtu Ujiji akawe mkubwa. Alimtafuta aliyekwisha kuwa mkubwa akamwomba achukue jina lake. Wazungu walikuwa wameanza kukaa ziwani: wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadri Weupe walijenga Rumonge mwaka 1879, ambako watatu kati yao waliuawa Mei 1881. Barghash alihitaji kuweza kusema, mbele ya balozi wa Uingereza, kwamba Ujiji una mtu wake. Mwinyi Kheri naye alihitaji kuweza kusema, mbele ya wamisionari na washindani wake, kwamba nyuma yake yuko Sultani. Kila mmoja alimkopesha mwenzake kitu ambacho huyo mwenzake hakuwa nacho, na hakuna kati yao aliyeweza kumlazimisha mwingine kulipa. Bavira na Bafuliiru, ambao watu wao walikuwa wakinunuliwa na kutekwa, hawakushirikishwa katika mapatano hayo.

Neno liwali lenyewe linastahili kutazamwa. Asili yake ni Kiarabu, al-wali, yaani mtawala aliyewekwa na mwingine, na Kiswahili kimelimeza neno pamoja na kiambishi chake cha mwanzo, hata mzungumzaji asijue tena kuwa mlikuwa na maneno mawili. Katika lugha ya Kiarabu wali ni mtu aliyekabidhiwa. Ukabidhi ndio kiini cha maana. Katika Kiswahili cha bara ukabidhi ulififia, na liwali akawa mkubwa wa mji tu, anayehukumu kesi za wageni na kupokea zawadi. Mwinyi Kheri alikuwa liwali kwa maana hii ya pili muda mrefu kabla hajawa liwali kwa maana ya kwanza.

Alifariki mwaka 1885. Nguvu ziwani zilimwangukia Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aitwaye Rumaliza, mzaliwa wa Lindi na mshirika wa Tippu Tip katika biashara. Rumaliza alikuwa mtu wa vita kuliko mtangulizi wake. Kutoka Uvira na bonde la Rusizi watu wake walijaribu kuingia Burundi, wakazuiwa na majeshi ya Mwezi Gisabo. Upande wa magharibi hapakuwa na ufalme wenye nguvu kiasi hicho, na huko ndiko walikoelekeza misafara yao, huku vijiji vikihamia milimani.

Wakati huohuo, mfalme wa pili alikuwa amejitokeza, naye alikuwa mbali zaidi ya yule wa kwanza. Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold II wa Ubelgiji alitangazwa kuwa mwenye enzi wa Dola Huru ya Congo. Barghash angalau alikuwa jirani wa bandari ambamo pembe za Uvira zilipakiwa. Leopold hakukanyaga ardhi ya Congo hata siku moja katika maisha yake. Aliitawala kwa barua, na barua zilipokewa Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, na gavana mkuu ambaye naye hakujua ziwa likoje.

Leopold alifuata njia ileile aliyoifuata Barghash miaka sita nyuma. Tarehe 24 Februari 1887, mjini Zanzibar, Stanley kwa niaba ya mfalme huyo alitiliana mkataba na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi Tippu Tip akawa wali wa Stanley Falls, kwa masharti ya kupandisha bendera ya Dola, kukomesha biashara ya watumwa chini ya maporomoko hayo, na kukubali kuwa na Mzungu wa kumwangalia. Ajabu yake ni kwamba mtu huyu alikuwa ametumwa bara na Barghash ili amhifadhie Sultani nchi hizo. Katika kitabu cha maisha yake, ambacho Heinrich Brode alikichapisha kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, Tippu Tip anasimulia jinsi alivyorudi Unguja na kumkuta Seyyid amekata tamaa: Wazungu wanaitaka Unguja yenyewe, bara ataiwezaje? Msomaji wa leo hawezi kuepuka kuona kuwa wakati huo ndipo ukabidhi ulipokufa. Wakili alipewa ruhusa na mwenye mali atafute mwenye mali mwingine, akamtafuta.

Pia ni vema kusema wazi kuwa mkataba wa 1887 haukumfunga Rumaliza. Kwa Leopold, Tanganyika ilikuwa ndani ya ramani. Kwa Rumaliza, ramani hiyo haikuwa na maana. Tippu Tip aliondoka Maporomoko mwaka 1890 asirudi tena. Vita vikafuata, na Januari 1894 majeshi ya Dola chini ya Dhanis yalizivunja ngome za Rumaliza katika eneo la Kabambare. Rumaliza alikimbilia upande wa Wajerumani. Kilichotokea Uvira baada ya hapo hakikuwa kubadilisha liwali mmoja kwa mwingine. Mlango wa nchi uligeuzwa. Kwa miaka zaidi ya 40 amri, vitambaa na lugha viliingia kutoka mashariki, vikivuka maji. Sasa amri zilitoka magharibi, nyuma ya milima, na pamoja nazo likaja jina kutoka Kikongo, Bula Matari, mvunja mawe. Jina hilo lilikuwa la Stanley, kisha likawa la kila afisa wa Dola. Watu wa Uvira walimpokea mwakilishi wa mfalme wa Ubelgiji kwa jina ambalo halikuwa la Kifaransa wala la Kiswahili.

Utawala huo haukuwa imara kama ulivyodai. Mwaka 1897 askari wa Dhanis waliasi, wale walioitwa Batetela, na walipoteremka kuelekea Kivu na Rusizi, mshiko wa Dola katika eneo hilo ulilegea. Wajerumani wa Usumbura waliitumia nafasi hiyo kudai ardhi ya magharibi ya Rusizi. Mwaka 1899 maafisa wawili, Bethe na Hecq, walipatana kwa muda, wakisubiri uamuzi wa serikali zao. Mpaka haukukatwa hadi mwaka 1910, huko Brussels. Hivyo kwa miaka zaidi ya kumi mtu wa bonde la Rusizi aliweza kuulizwa kama yeye ni wa Kaiser au wa Leopold, na jibu lake lingetegemea nani anauliza na ana bunduki ngapi. Mwami wa mahali alijifunza upesi kuwa na majibu mawili.

Hapa ndipo tofauti kati ya liwali wa Sultani na afisa wa Leopold inapoonekana vizuri. Mwinyi Kheri aliishi Ujiji mpaka kufa kwake, akaoa huko, na hasara ya mji ilikuwa hasara yake. Afisa alikuja kwa muhula, akahamishwa, na hesabu yake aliitoa kwingine. Ili kuziba pengo hilo Dola ilitengeneza wawakilishi wa ngazi ya chini. Kwa amri ya mwaka 1891 watawala wa kienyeji walitambuliwa na serikali, nao wakavishwa medali yenye sura ya mfalme. Ndiyo maana wakaitwa kwa Kifaransa machifu wenye medali. Mwami aliyeivaa alikuwa amefanywa, bila kutumia neno hilo, liwali. Aliyekataa kuivaa angeweza kuona ndugu yake akiivaa. Migogoro ya urithi wa uchifu katika eneo la Uvira haiwezi kueleweka bila kukumbuka kipande hicho cha madini.

Juu ya maafisa wenyewe, mmoja atajwe. Paul Costermans, aliyepata kusimamia eneo la Rusizi na Kivu, alipanda hadi kuwa makamu wa gavana mkuu. Mwaka 1904 Leopold, akibanwa na kelele za Ulaya kuhusu ukatili wa mpira, alituma tume ya uchunguzi. Machi 1905, tume ikiwa kazini, Costermans alijiua. Mfalme aliyekuwa akimwakilisha alibaki kwenye kiti chake cha Congo miaka mitatu zaidi, hadi Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908. Mji wa Bukavu uliitwa Costermansville mpaka miaka ya 1950 ulipoanza.

Mfalme wa kwanza kuizuru Congo akiwa kwenye enzi alikuwa Albert I, mwaka 1928. Kufikia hapo Bula Matari alikuwa anapungua vinywani, na katika Kiswahili cha Kivu lilikuwa limeota neno jingine, Leta. Chanzo chake ni Kifaransa, l'État, yaani dola, na limemezwa pamoja na kiambishi chake, sawasawa kabisa na al-wali alivyokuwa liwali. Kirundi na Kinyarwanda vinalo pia. Kwamba linafanana na kitenzi kuleta ni sadfa ya sauti, si etimolojia. Lakini mtu aliyekuwa akisikia kila mwaka amri ya kuleta kodi, kuleta pamba na kuleta vijana wa kazi hangekuwa na sababu ya kuitilia shaka sadfa hiyo.

Liwali alidumu kwingine. Wajerumani walikihifadhi cheo hicho pamoja na akida na jumbe, Waingereza wakakirithi, na katika ukanda wa pwani ya Kenya liwali aliendelea kuhukumu kwa jina la Sultani wa Zanzibar hadi miaka ya 1960. Uvira hakikuwa na kazi tena baada ya 1894. Tarehe 30 Juni 1960 mfalme Baudouin alikabidhi enzi mjini Léopoldville, na tangu siku hiyo mwambao haujawa na mwakilishi wa mfalme yeyote wa mbali. Neno Leta halikuondoka naye: barabara ikikatika kwenye mlima juu ya Kalundu, wakazi bado husema ni kazi ya Leta.