Njia ya Ukingo: Kutoka Tarime hata Mugumu

Katika mkoa wetu wa Mara ziko nchi mbili zinazotazamana tangu kale. Kaskazini ni milima ya Tarime, yenye baridi na mvua, ambako watu hulima mahindi, ndizi, wimbi na kahawa. Kusini ni bonde la Mto Mara na mbuga za Serengeti, nchi ya jua, nyasi na wanyama. Katikati yake umesimama ukingo wa Utimbaru, ambapo ardhi hushuka ghafula, miamba juu ya miamba. Chini yake unapita Mto Mara, utokao katika milima ya Mau huko Kenya, ukaenda karibu kilomita 395 hata kuingia ziwani karibu na Musoma.

Wazee wetu walikuwa na sababu ya kukaa juu. Wamasai walichunga katika mbuga za chini, na mali ya kila mtu ilikuwa ng'ombe. Basi aliyekaa mlimani aliliona vumbi la adui kabla adui hajafika. Lakini ukuta uliomlinda ndio uliomtenga na jirani. Ng'ambo ya mto walikaa Wangoreme, Wanata na Waikoma, ambao lugha zao ni ndugu za Kikurya. Njia zilizopitisha nafaka na mahari ndizo zilizopitisha wezi wa mifugo.

Hata miaka ya 1890 ikaja sotoka, ikaua ng'ombe wengi mno. Oscar Baumann, aliyevuka Serengeti mwaka 1892, aliwaona Wamasai wakifa kwa njaa. Wakati huo mipaka ilikuwa imekwisha kuchorwa, maana mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipiga mstari kutoka pwani hata ziwani, ukawagawa Wairege, Wanyabasi, Wabukira na Wagumbe. Wadachi wakajenga boma Shirati karibu na ziwa, na jingine Ikoma mbugani. Mwenye kutoka boma moja kwenda la pili kwa miguu hakuwa na budi kuvuka mto.

Wajumbe wa dini nao waliijua taabu ya njia za nchi hii. Mapadri Weupe walianza Nyegina mwaka 1911, Wamennonite wakafika Shirati mwaka 1934, na mapadri wa Maryknoll wakaja mwaka 1946. Lakini tusisahau kwamba kazi kubwa ya kufika vijijini ilifanywa na walimu wenyeji, waliopanda na kushuka vilima kwa miguu, jua na mvua.

Baada ya hayo nchi ya chini ilibadilika. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na katika miaka ya 1960 nchi ya Lamai, kaskazini ya mto, ikaongezwa humo. Malisho ya zamani yakafungwa. Huko Nyamongo dhahabu ikavuta makampuni na wachimbaji wadogo, na pamoja na fedha zikaja ugomvi na majonzi. Leo barabara inatoka Tarime, inapita Nyamwaga na Nyamongo, inavuka mto kwa daraja, inafika Mugumu. Safari iliyokuwa ya siku sasa ni ya saa chache.

Lakini liko jambo moja ambalo kwalo njia hii yastahili heshima kuliko zamani. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana asiyetimiza miaka 18. Hata hivyo, kila majira ya ukeketaji yakaribiapo, wako wasichana wanaokimbia nyumba zao. Wengine hukimbilia Masanga, upande wa Tarime. Wengine hukimbilia nyumba salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014. Njia zilizopita mikuki zamani sasa zapita watoto wanaotafuta usalama.

Kwa hiyo, walimu na Wakristo wenzetu, tusiihesabu njia hii kuwa mawe na vumbi tu. Ukingo uliwahi kuwa ngome, tena ukawa kizuizi. Kuwa mlango ni juu yetu sisi tunaokaa pande zote mbili. Mtoto akibisha usiku hodi, miguu imechubuka kwa miamba, asiulizwe kwanza ukoo wake wala ng'ambo aliyotoka. Afunguliwe, apewe maji, ndipo aulizwe habari.