Ramani ya Januari 2008 na mradi wetu wa darasani

Wenzangu, niliahidi kuandika juu ya masomo yangu ya kompyuta. Nilidhani nitaeleza tu namna ya kupita mitihani na kupanga kazi ya baadaye. Lakini mradi wa kikundi tuliopewa muhula huu umenirudisha hadi Januari 2008, hapa hapa Busia na Malaba, kwa hiyo acha nianzie huko.

Wengi wetu tulikuwa wadogo sana wakati huo, wengine hata hatujazaliwa. Tarehe 30 Desemba 2007 tume ya uchaguzi ya Kenya ilimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na fujo zikalipuka Kisumu, Eldoret, Nairobi na kwingineko. Siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa kabla ya makubaliano ya Februari 28, na laki kadhaa walihama makwao. Karibu 12,000 kati yao walivuka kuja Uganda kupitia mipaka yetu hii. Walilala mashuleni na makanisani kwanza, kisha wakapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Baadaye mwaka huo wale ambao hawakurudi nyumbani walihamishiwa Kiryandongo. Leo ukitaja Kiryandongo mtu anawaza Sudan Kusini tu. Kumbe kuna Wakenya waliofika pale kwa njia yetu.

Watu wa mpakani wanaukumbuka mwezi ule pia kwa sababu ya petroli. Mafuta ya Uganda yalikuwa yanapita barabara hiyo hiyo iliyofungwa na vijana wenye mawe, kwa hiyo Uganda nzima bei ilipanda na vituo vikakauka. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa huku, kutoka kwa wenye baiskeli waliokuwa wakivusha abiria toka ofisi moja ya mpaka hadi nyingine. Basi fikiria mwezi ambao bodaboda imekosa mafuta na mpaka umejaa watu wenye magodoro kichwani.

Mama mmoja anayetuuzia chapati pale Malaba aliniambia jambo ambalo halijanitoka. Alivuka na watoto wawili, dada yake akavuka kupitia sehemu nyingine. "Magunia ya mahindi yalihesabiwa vizuri, mwanangu," alisema, "lakini hakuna aliyejua nani yuko wapi." Walitafutana wiki mbili. Dada alikuwa Mulanda wakati wote huo, mwendo wa gari usiofika hata nusu siku.

Sasa, wiki hizo hizo, mbali kabisa na hapa, kulikuwa na watu waliohangaika na swali linalofanana na hilo. Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya aliyekuwa akiandika blogu, alikuwa ameondoka Nairobi kurudi Johannesburg. Wasomaji wake walimtumia habari za mauaji ambazo hazikusikika redioni, na peke yake hakuweza kuzimudu. Mwanzoni mwa Januari aliandika akiuliza kama kuna mtaalamu wa teknolojia anayeweza kuweka matukio hayo juu ya ramani ya Google. Erik Hersman, aliyekulia Sudan na Kenya, aliona ujumbe huo. David Kobia, Mkenya aliyekuwa Marekani, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu, tena kwa siku chache tu. Juliana Rotich alikuwa pamoja nao. Wakaiita Ushahidi. Mtu aliandika aliloliona, likawa nukta kwenye ramani, na wao wakajaribu kulilinganisha na taarifa za mashirika na waandishi wa habari kabla ya kuliamini.

Kikundi chetu tuko watano: Mkongo, Msudani Kusini, Waganda wawili na Mkenya kutoka upande wa pili wa Busia. Kazi yetu ilikuwa kubuni mfumo wa kusaidia watu waliopotezana njiani. Tukagawana kazi kama wataalamu. Wiki tatu nzima tulibishana kuhusu rangi ya vitufe na kuhusu lugha ya programu, Python au PHP. Mimi nilikuwa mkali zaidi upande wa Python, nakiri. Siku ya kuonyesha kazi ya awali, mwalimu aliuliza maswali mawili tu: nani atathibitisha taarifa hizi, na nani mwingine ataziona? Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi hiyo. Wote watano tulitaka kuandika programu.

Ndipo nikaanza kusoma historia ya Ushahidi kwa makini, na kilichonishtua si programu. Mwenye wazo alikuwa mwanasheria. Miaka miwili kabla, 2006, alikuwa ameanzisha Mzalendo pamoja na Conrad Akunga ili kufuatilia wabunge wa Kenya, yaani tayari alijua kukusanya habari ambazo wakubwa hawapendi zikusanywe. Kobia asingekuwa na cha kuandika bila watu waliotuma meseji na bila wale waliokesha wakizisoma.

Haiti inaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Tetemeko la Januari 12, 2010 lilipotokea, Patrick Meier na wanafunzi wenzake wa chuo kikuu cha Tufts walitumia programu hiyo hiyo, kwa sababu ilikuwa chanzo huria. Watu walituma meseji kwa namba 4636, lakini kwa Kikreyoli, na waokoaji wengi hawakukijua. Wahaiti waliokuwa nchi za nje ndio waliotafsiri, meseji moja baada ya nyingine. Jamani, sisi hapa tunaozungumza Kiswahili, Kiarabu cha Juba, Ateso na Kifaransa tunaona lugha zetu ni mambo ya nyumbani tu, hatuziandiki hata kwenye CV.

Mpango wangu wa kazi ulikuwa wa mstari mmoja: nimalize, niajiriwe Kampala kuandika programu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, kwa hiyo si ndoto. Lakini sasa naangalia pia kazi ya kulinda taarifa za watu, na hapa wale mnaofanya kazi kwenye mashirika mtanisamehe. Kila mradi mpya unakuja na fomu mpya, na nyinyi wenyewe mnajua orodha inavyoweza kukosea. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR walihakiki wakimbizi upya kwa alama za vidole na picha za macho. Orodha ya awali ilikuwa na watu kama milioni 1.4. Waliothibitishwa walikuwa karibu milioni 1.1. Kuna waliokosekana kwa sababu hawakuwepo kamwe, sawa. Ila mimi nikiwa mtu wa kompyuta namfikiria yule aliyekuwa safarini au hospitali wakati foleni yake ilipoitwa. Kwa mashine, huyo na mtu hewa wanafanana kabisa.

Nilirudi kwa mama wa chapati nikamwonyesha mfumo wetu kwenye simu. Alipenda sehemu ya kutafuta jina. Halafu akafika kwenye kisanduku cha kabila, akaacha kusogeza kidole. Hakusema kitu kwa muda. "Hiki kilikuwa kinaulizwa barabarani," akasema, "kabla hawajakupitisha au kukushusha kwenye gari."

Usiku huo tulikutana na tukaondoa kisanduku hicho. Mwenzetu wa Juba anapinga hadi leo. Anasema bila kabila au ukoo watu watano wenye jina moja hawatatenganishwa, na mama anayemtafuta mwanawe ataletewa mtoto wa mwingine. Sina jibu zuri la kumpa. Tumejaribu jina la mama na kijiji cha mwisho alikolala mtu, na kati ya majina 40 tuliyobuni kwa majaribio, manne bado yanagongana. Mradi tunauwasilisha Alhamisi.