Mshale wa Spidi na Barabara ya Mombo

Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto imetajwa kwa vipimo viwili, na kila kipimo kilikuja na mtawala wake. Wajerumani, ambao Lushoto waliiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, walikuwa watu wa kilometa tangu mwaka 1872. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Waingereza walipoitwaa Usambara mwaka 1916 walikuja na maili. Baada ya uhuru tukarudi kwenye kilometa. Mtu aliyezaliwa Soni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na akajaliwa umri mrefu, ameisikia barabara ya kwao ikiitwa thelathini na tatu, kisha ishirini na kitu, kisha thelathini na tatu tena, na milima haikusogea hata hatua moja.

Jambo hili lilinijia kwa uzito mwaka 1994, shemeji yangu aliponunua gari dogo la Kiingereza la viti viwili, lenye paa la turubai, lililokuwa limelala miaka mingi kwenye banda. Injini ilikubali kuamka. Breki zikatengenezwa. Kilichokataa kutulia ni mshale wa spidi. Ukiondoka taratibu ulitikisika kama mkono wa mtu mwenye homa. Ukiongeza mwendo uliruka kutoka 20 hadi 50, ukarudi, ukaruka tena. Na namba zile zilikuwa za maili. Sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 inataka kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, yaani maili 31 hivi. Dereva akiusahau Uingereza ulioandikwa mbele yake, akaupeleka mshale kwenye 50 katikati ya watu pale Soni, atakuwa anakwenda kilometa 80. Shemeji alikuwa anataka kushuka na gari hilo mpaka Dar es Salaam akiwa na mke wake, dada yangu, pembeni. Kwa hiyo sikuliona suala la mshale kuwa ni la urembo.

Kifaa chenyewe kina uraia wa kuchanganya. Mwaka 1902 Otto Schulze wa Strasbourg, mji uliokuwa chini ya Ujerumani na ambao leo uko Ufaransa, alipata hataza ya spidomita ya sumaku. Kanuni yake ndiyo iliyotumika katika magari karibu yote kwa miongo mingi, mpaka vihisio vya umeme vilipochukua nafasi. Magari ya Kiingereza mengi yalifungwa saa zilizotengenezwa na kampuni ya Smiths. Kwa hiyo uvumbuzi wa Mjerumani ulipanda milima yetu, iliyokuwa ya Wajerumani, ukiwa umevaa maili za Mwingereza.

Ndani yake mna jambo la kustaajabisha. Waya mwembamba uliosokotwa unatoka kwenye giaboksi, unapita ndani ya ala yake hadi nyuma ya dashibodi, na huko unazungusha sumaku. Sumaku inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa. Mzunguko ule unazaa mikondo midogo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo inakivuta kifuate. Kamani nyembamba kama unywele inakizuia. Pale mvuto na kizuizi vinapolingana, hapo ndipo mshale unaposimama. Namba za kuhesabu maili, kwa upande mwingine, zinasukumwa na meno ya gia, moja kwa moja kutoka kwenye waya uleule.

Fundi wetu, mzee wa Kisambaa aliyeanza kazi akiwa utingo wa malori, aliitumia tofauti hiyo kama daktari anavyotumia mapigo ya moyo. Mimi nilikuwa tayari kuifungua saa.

"Mwalimu, iache hiyo," aliniambia. "Mjumbe hauawi. Kwanza tumuulize aliyemtuma."

"Tunamuulizaje, Mzee?"

"Tazama namba za maili. Zinakwenda?"

Zilikuwa zinakwenda. Basi waya haujakatika, na gia ndogo ya kule kwenye giaboksi haijaliwa meno, maana vingekufa vyote viwili. Kama mshale ungepanda hadi mwisho na kung'ang'ania huko, angeshuku grisi iliyopanda ndani ya saa na kukigandisha kikombe kwenye sumaku. Kama ungesoma chini siku zote lakini kwa utulivu, angeshuku sumaku iliyochoka. Kuruka na kurudi, alisema, ni tabia ya waya unaojikunja, ukajibana, kisha ukafyatuka.

Hata hivyo alitaka kwanza kujua kama saa ile ilikuwa ya gari lile. Chini ya uso wa saa nyingi za Kiingereza pameandikwa namba ndogo, pengine pamoja na herufi TPM, nayo ni mizunguko ya waya kwa kila maili moja. Yetu ilisema 1120. Kipimo cha kuihakiki ni cha zamani, na mwanafunzi yeyote wa darasa la saba anaweza kukifanya. Unachomoa waya nyuma ya saa, unauchomekea kipande cha karatasi ngumu kama mshale, unaweka gia huru, unasukuma gari mbele mpaka magurudumu ya nyuma yazunguke mara sita kamili, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya karatasi. Kisha unapima inchi kutoka katikati ya gurudumu hadi chini. Zidisha mizunguko ya waya kwa 1680, gawanya kwa inchi hizo. Safari hiyo ya magurudumu ni kama mita kumi na mbili tu. Lakini kupata mita kumi na mbili za tambarare Lushoto, hiyo nayo ni kazi ya asubuhi nzima. Tulihesabu mizunguko minane. Kutoka katikati ya gurudumu hadi chini palikuwa na inchi 12. Jibu: 1120. Saa ilikuwa ya gari lile, na gia zake zilikuwa sahihi.

Nilipokuwa nikihesabu niliwakumbuka wale wa Safari. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka yake ya Tanzania milima ya Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoogopwa. Watu wanawakumbuka madereva: Joginder Singh aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, Shekhar Mehta aliyeshinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z. Mimi humfikiria zaidi yule wa kiti cha pili, mwenye karatasi magotini. Kosa la asilimia moja katika maili mia ni maili nzima, na katika maili nzima ya ukungu njia panda inapotea. Wengi walifunga kifaa cha Halda kutoka Sweden, kilichopokea mzunguko wake kutoka kwenye waya wa namna hiyohiyo. Tena gurudumu likiteleza kwenye udongo wetu mwekundu wakati wa mvua, waya unahesabu safari ambayo gari halijaifanya.

Turudi gereji. Fundi alichomoa waya wote, akaufuta, akaushika ncha mbili ukining'inia kama kamba ya kurukia watoto, akausokota taratibu kwa vidole. Waya mzima huzunguka kwa ulaini. Huu ulikwama, kisha ukaruka. Chini ya gari tuliiona sababu: kuna mtu aliyewahi kushusha giaboksi, na wakati wa kurudisha akaipitisha ala kwa kona kali ya kiwiko, wakati kona ya waya kama huo inatakiwa iwe pana, nusu kipenyo kisichopungua inchi sita hivi.

Waya mpya haukuwapo Lushoto, na sidhani kama ulikuwapo Tanga. Fundi aliupata wa lori bovu, wenye unene uleule. Alitia risasi ya kulehemu mahali pa kukatia ili nyuzi zisifumuke, akakata, akaigonga ncha mpaka ikawa mraba. Grisi aliipaka kidogo sana, na kipande cha juu, karibu shubiri moja, akakiacha kikavu ili grisi isipande kwenye saa. Ala akaipitisha kwa mzunguko mpana na kuifunga kwa mpira wa tairi.

Jumapili iliyofuata tuliteremka Mombo, dada yangu akiwa amekaa mbele na mimi nimejikunja nyuma ya viti. Mshale ulisimama kwenye 20 kona hadi kona. Pale njia panda ya Mombo namba za maili zilikuwa zimeongezeka ishirini na nusu.