Kanieneo na Vizio Vyake

Neno kanieneo liliundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Wako waliolilaumu kuwa halina ladha, wakataka presha ibaki. Sisi tunaona kuwa historia ya vizio vyenyewe inalitetea.

Mwaka 1644 Evangelista Torricelli wa Italia alieleza katika barua jaribio la mrija wa kioo uliojazwa zebaki na kupinduliwa katika chombo chenye zebaki. Safu ilishuka, ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Tangu hapo uzito wa hewa ukasomwa kwa urefu, na hata leo daktari husema milimita 120 za zebaki anapopima damu. Lakini urefu si kani wala si eneo. Ili kuubadili, hatuna budi kuzidisha kimo kwa densiti ya zebaki na kwa mchapuko wa graviti. Ndipo milimita 1 huwa paskali 133.3, na 120 hizo kilopaskali 16.

Waingereza walipima kwa ratili kwa inchi ya mraba. Fundi aambiwaye atie 30 katika tairi, geji yake ikiwa ya kilopaskali, sharti aifikishe 207.

Paskali, kwa heshima ya Blaise Pascal wa Ufaransa, ilikubaliwa kimataifa mwaka 1971: nyutoni 1 kwa meta 1 ya mraba. Jina la mtu halifichui hesabu hiyo. Kanieneo laifichua, kani ikigawanywa kwa eneo. Mwalimu atumiaye presha itambidi kwanza awaeleze wanafunzi kwamba hazungumzii ugonjwa.